Mlango Ukifungwa, Moshi Unarudi

Mvua za Oktoba zikishaanza, mafiga yaliyokuwa uani yanahamia ndani, na barua kuhusu moshi zinaanza kutufikia. Mwezi huu tunajibu saba, kutoka Bangwe hadi Sikonge. Wengi wameuliza moshi utokee wapi. Wachache sana wameuliza hewa iingilie wapi, na humo ndimo penye ugonjwa wa dohani nyingi. Dohani haina nguvu ya kuvuta. Moshi wa moto ni mwepesi, hewa ya baridi ni nzito, na hiyo nzito ikiingia kwa chini ndiyo inayousukuma moshi upande. Pasipo na njia ya kuingilia hewa, hata dohani ndefu kama mnara wa msikiti itajaa masizi tu.

Napikia kuni kwenye mafiga ndani ya chumba cha futi 8 kwa 10. Fundi alinijengea dohani ya matofali pembeni mwa mafiga, tundu lake sentimita 25 kwa 25. Mchana inafanya kazi vizuri, lakini jioni moshi wote unarudi ndani, hasa nikifunga mlango. Mtoto wa mgongoni anakohoa kila siku. Nibomoe nijenge upya?
*Mama, Bangwe, Kigoma*

Usibomoe kwanza, mama. Umetaja jioni na umetaja mlango, na hayo mawili yanatosha kuanzia.

Tuanze na mlango. Leo washa moto kama kawaida, funga mlango na dirisha, subiri moshi uanze kurudi. Kisha fungua mlango upana wa kiganja tu. Moshi ukianza kupanda ndani ya dakika moja au mbili, ujue chumba kinakosa hewa. Dawa yake ni matundu mawili ya chini, kila moja sentimita 15 kwa 30, yakiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu ili maji ya mvua yasirukie ndani. Yatoboe kwenye ukuta ulio mgongoni kwako unapopika, ng'ambo ya dohani, ili hewa ikupitie wewe kwanza, iupitie moto, halafu iondoke na moshi. Mafundi wengi huyaweka matundu nyuma ya moto, na matokeo yake moshi unasukumwa usoni kwa mpishi na kwa mtoto aliye mgongoni. Weka wavu wa kuzuia panya na nyoka, ila kumbuka wavu wenyewe unakula sehemu ya njia. Tundu la dohani yako lina eneo la sentimita za mraba 625. Matundu mawili tuliyoyataja yana 900, na ziada hiyo ni kwa ajili ya wavu na vumbi litakaloshika humo.

Sasa jioni. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka Tanganyika kupanda milimani. Jua likishazama mambo yanageuka: hewa iliyopoa milimani inateremka kwenda ziwani. Nyumba iliyo kwenye mteremko kama wa Bangwe inapigwa na upepo huo kutoka juu kwenda chini, na dohani fupi kuliko mgongo wa paa inazibwa mdomo na upepo wenyewe. Pima hivi. Mdomo wa dohani uwe angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye bati. Halafu uwe angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa upande: mgongo wa paa, tangi la maji, mwembe. Vipimo hivyo viwili vinakwenda pamoja, kimoja hakitoshi. Kama dohani imetokea karibu na ukingo wa chini wa paa, nayo mgongo wa paa uko mita 2 tu pembeni, basi ni lazima ipande mpaka iupite mgongo huo kwa sentimita 60, hata kama ni kozi kumi za matofali.

Angalia na kifuniko chake. Tumeona dohani nyingi ambazo bamba la zege la kuzuia mvua limekalishwa kimo cha tofali moja tu juu ya mdomo. Moshi unagonga dari hilo na kurudi. Nguzo za kifuniko ziwe na kimo kisichopungua upana wa tundu, yaani sentimita 25 kwako.

Hata baada ya hayo, mafiga yaliyo wazi hutawanya moshi kabla haujafika kwenye dohani iliyo pembeni. Yashonee mafiga kofia ya bati jeusi, lisilopakwa zinki, au yajengee ya matofali: ukingo wake wa chini uzidi eneo la moto kwa sentimita 15 kila upande, ukae sentimita 60 hadi 75 juu ya sufuria ili uweze kukoroga ugali bila kugonga kichwa, na mbavu zake zipande kwa mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, kuelekea kwenye tundu. Mbavu zikilala, moshi unajikusanya chini ya kofia na kumwagikia pembeni. Ukijenga kuta fupi pande mbili za mafiga, kofia inafanya kazi maradufu kwa sababu upepo wa mlangoni hauupepei tena moshi.

Huyo mtoto asikae mgongoni wakati wa kuwasha, maana moshi wa kuwashia ndio mzito kuliko wote, na mpeleke kituo cha afya akasikilizwe kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaovuta moshi huo kwa saa nyingi kuliko wengine ni akina mama na watoto walio nao jikoni.

Najenga nyumba ya wageni Manyovu, ambako Juni na Julai baridi ni kali. Mwenye nyumba anataka meko ya kuotea moto sebuleni, mdomo wa sentimita 80 kwa 60. Dohani niipe upana gani? Na ndani nijengeje?
*Fundi mwashi, Kasulu*

Fundi, hesabu ya dohani ya meko yaliyo wazi inaanzia mdomoni. 80 kwa 60 ni sentimita za mraba 4,800. Dohani yenye kimo cha mita 4.5 au zaidi, kupimwa kutoka sakafu ya moto hadi mdomo wa juu, ipewe sehemu moja ya kumi ya mdomo: 480, ambayo ni tundu la 22 kwa 22. Ikiwa fupi kuliko hapo, ipe sehemu moja ya nane: 600, yaani 25 kwa 25. Kwa nyumba ya chini ya kawaida, jenga 25 kwa 25. Pima tundu lenyewe kwa futi kamba, usihesabu matofali, kwa sababu tofali za kuchoma za tanuri moja na jingine hazilingani.

Chumba cha moto kiwe na kina cha sentimita 40 hadi 45. Mbavu zake zisinyooke. Zifunguke kuelekea sebuleni ili joto lirushwe kwa watu. Ukuta wa nyuma upande wima sentimita 30 hivi, kisha uanze kuinama mbele taratibu hadi kwenye koo. Koo ndilo linaloharibiwa na mafundi wengi. Ni upenyo mwembamba unaokwenda upana wote wa meko, sentimita 80 kwako, na kutoka mbele kwenda nyuma ni sentimita 10 tu. Likae sentimita 20 juu ya ukingo wa chini wa lenta. Ukiliweka sawasawa na lenta, moshi unachungulia sebuleni kila mtu anapopita na kupepea hewa.

Nyuma ya koo, juu ya ule ukuta ulioinama, acha sakafu ndogo bapa, kama rafu. Usiione ni kazi bure. Hewa ya baridi inayoshuka ndani ya dohani inagonga pale na kugeuzwa kurudi juu pamoja na moshi, badala ya kutumbukia motoni. Juu ya rafu, mbavu zikusanye upana kutoka 80 hadi 25 bila kulala kupita nyuzi 45, na uzipige plasta laini. Kila ngazi ya tofali inayobaki wazi ndani humo inashika masizi na kupunguza mwendo.

Sasa vifaa. Ndani ya chumba cha moto usitumie udongo wa saruji. Saruji ikipashwa joto kali mara kwa mara inapoteza maji yaliyoifunga na inageuka unga. Baada ya msimu mmoja utaona matofali yamelegea kama meno. Tumia udongo wa kichuguu uliochekechwa, sehemu 2 kwa 1 ya mchanga laini, viungo vyembamba vya milimita 5, na tofali zilizoiva sana, zile zinazolia kama kengele ukizigonga. Kwa shina la dohani tumia saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Chokaa inaipa ujenzi unyumbufu kidogo, usipasuke dohani inapotanuka. Lenta ya zege isiguswe na mwali wa moto: kokoto zinalipuka na kutema vipande. Weka chuma cha pembe, na kila mwisho wake uachie nafasi ya sentimita 1, kwa kuwa chuma kikipata moto kinarefuka na kuusukuma ukuta.

Kuta za dohani isiyo na bomba la udongo ndani ziwe nene angalau sentimita 20. Mbao zote za kenchi na silingi zikae sentimita 5 mbali na uso wa nje wa dohani, na nafasi hiyo uizibe chini kwa bati, kamwe usiizibe kwa mbao. Usichomeke boriti ndani ya ukuta wa dohani. Nyumba huungua hivi: boriti inakauka mwaka baada ya mwaka mpaka siku moja inashika moto juu ya silingi, watu wakiwa wamelala. Sakafu isiyoungua itokeze sentimita 40 mbele ya meko na 20 kila upande.

Hewa ya kuingia: nusu ya eneo la koo. Koo lako ni 80 kwa 10, basi tundu la 20 kwa 20 lenye luva zisizofungika, lifungukie nje moja kwa moja, karibu na meko. Ukiliweka ng'ambo ya sebule, wageni watapigwa na baridi mgongoni wakati wanajipasha mbele. Na kama jiko la nyumba hiyo litakuwa na feni ya kutoa hewa, pima meko feni ikiwa inazunguka. Feni inaweza kuishinda dohani na kuurudisha moshi chini.

Acha ujenzi ukauke wiki tatu hadi nne, kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa siku tano sita kabla ya moto mkubwa. Asubuhi ya baridi, kabla ya kuwasha kuni, choma karatasi ya gazeti moja ukiishika karibu na koo ili dohani ipate joto kwanza.

Mweleze pia mwenye nyumba ukweli huu kabla hajanunua matofali: sehemu kubwa ya joto la meko ya wazi inakwenda mawinguni. Jiko la chuma lenye mlango na bomba la inchi 6 lingempashia sebule ile kwa kuni chache zaidi. Uzuri wa meko ni wa macho, na kama ndio anaoulipia, sawa.

Tulikuwa na bani la kukaushia tumbaku ya mvuke, sasa halitumiki. Mabomba yake ya bati, inchi 10, bado mazima. Naweza kuyatumia kama dohani ya jiko banifu la udongo? Jirani ananiambia nitumie bomba la plastiki la maji taka maana halishiki kutu.
*Mkulima, Urambo*

La plastiki liache kabisa. Linalegea kabla hata maji hayajachemka, na likiungua linatoa hewa yenye sumu na asidi. Mabomba ya zamani ya asbesto nayo usiyaguse. Yakipata moto yanapasuka kwa kishindo, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Mabomba ya bani yanafaa, lakini si kwa upana huo. Kwenye bani bomba lilifanywa pana kwa makusudi, ili lipoteze joto ndani ya chumba likaushe majani. Dohani ya jiko kazi yake ni kinyume: itunze joto la moshi mpaka juu. Bomba la inchi 10 lina nafasi zaidi ya mara sita ya bomba la inchi 4, na jiko dogo la sufuria mbili haliwezi kulijaza. Moshi utakwenda polepole, utapoa njiani, utaacha lami ukutani, na siku za mvua utarudi.

Kwa hiyo likate. Mzingo wa bomba la inchi 10 ni inchi 31.4. Bomba la inchi 4 linahitaji 12.6, ongeza inchi 1 ya mkunjo wa kufungia: 13.6. Bomba moja la bani linakupa mabomba mawili ya inchi 4. Kabla ya kukata, lichomechome kwa ncha ya msumari upande uliokuwa chini. Msumari ukipenya kwa mkono, kutu imekwisha kulila. Kama bati lake limepakwa zinki, lile linalong'aa maua maua, usilitumie mita ya kwanza kutoka jikoni. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na mvuke wake unaleta homa na kifua kubana. Mita hiyo ijenge kwa matofali na udongo wa kichuguu, au tumia bati jeusi nene, halafu la zinki lifuate juu.

Kwenye viungio, bomba la juu liingie ndani ya la chini. Wengi hufanya kinyume kwa kuogopa mvua, na lami ya moshi inachuruzika nje ya bomba mpaka kwenye sufuria. Mvua inazuiwa na kofia ya juu na kola. Mahali pa kupitia bati, kata tundu, weka bati bapa lenye shingo, na upande wake wa juu ulichomeke chini ya bati la paa lililo juu yake, upande wa chini ulale juu ya bati. Kisha funga kola kuzunguka bomba, sentimita chache juu ya shingo. Silikoni ya kawaida inaungua, usiitegemee. Mbao zote zikae sentimita 45 mbali na bomba tupu la bati. Pale ambapo papi imelingana na njia ya bomba, sogeza papi, si bomba. Kila kona ya bomba inapunguza mwendo, na kipande kilicholala ndicho kinachoziba kwanza. Ukilazimika kupinda, usizidi nyuzi 45, na usipinde zaidi ya mara mbili.

Jambo la mwisho kwako. Jiko likianza kuunguruma, kuni zikaisha haraka na sufuria ya pili isichemke, dohani inafanya kazi kupita kiasi: mwali unapita chini ya sufuria bila kusimama. Weka kibati cha kuzungusha ndani ya bomba, kinachoweza kuziba nusu ya njia. Kisizibe yote, na ukikate pembe ili hata mtu akikifunga kabisa moshi upate upenyo.

Shikamooni. Nimepanga chumba kimoja. Usiku wa Julai naingiza jiko la mkaa likiwa limeshakolea, bila moshi hata kidogo, nalala nikiwa nimeacha dirisha wazi kidogo. Rafiki yangu anasema ni hatari. Kweli?
*Mwanafunzi, Tabora mjini*

Marahaba. Kweli tupu, na usifanye tena hata usiku mmoja.

Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi mpaka unapozimika. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinachukua nafasi polepole huku ukiwa usingizini. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea ndizo dalili, na mtu aliyelala hazioni. Dirisha lililoachwa wazi vidole viwili halitoshi. Hewa ya baridi inaingia hapo hapo na gesi inabaki chumbani, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa hewa na inachanganyika nayo kila kona.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mburute nje kwenye hewa safi, halafu hospitali mara moja hata kama amezinduka na anasema yuko sawa. Maziwa hayaondoi gesi hiyo kwenye damu, nayo ukimnywesha aliyezimia yatampalia. Anachohitaji ni oksijeni.

Kwa baridi, jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, iviringishe khanga, weka miguuni. Na jiko la mkaa liwashie na kulipikia barazani.

Nimehamia kwenye gesi. Fundi ameweka feni ya kutoa hewa juu ya dirisha, anasema inatosha. Mtungi wa kilo 15 uko chini ya kabati.
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Feni hiyo inasaidia mvuke na joto la kupikia, ambavyo vinapanda. Gesi inayovuja haipandi. Mtungini mna propani na butani: propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Inamwagika sakafuni kama maji na kujaza kabati kwanza. Toboa matundu mawili ya sentimita 10 kwa 15 sawasawa na sakafu, yatoke nje moja kwa moja, siyo chumba kingine wala karibu na shimo la maji machafu. Milango ya kabati itobolewe chini na juu. Vizuri zaidi, mtungi ukae nje, wima, kivulini, ndani ya kijumba chenye nondo. Hapo mpira usipite ukutani: ukutani lipite bomba la shaba au la chuma, mpira uanze ndani karibu na jiko, ufungwe kwa klipu pande zote mbili. Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira na uubadilishe ikishapita, au mapema zaidi ukiona nyufa unapoupinda.

Pima uvujaji kwa povu la sabuni kwenye kila kiungio, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango, na hiyo feni usiiguse: cheche ya swichi yatosha, iwe ni kuwasha au kuzima. Mwali ukiwa wa njano na sufuria zikawa nyeusi chini, jiko linakosa hewa au vitundu vyake vimeziba. Usafishe kwa sindano.

Umefanya uamuzi mzuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na nyumba nyingi zitakazohama zina jiko lililojengwa kwa ajili ya moshi, matundu yote yakiwa juu. Kila anayehama atoboe na ya chini.

Nyumba yangu ni ya nyasi. Naweza kupitisha bomba la dohani katikati ya paa?
*Mzee mfuga nyuki, Sikonge*

Mzee wetu, usilipitishe hapo. Dohani ikiwa karibu na nyasi inatakiwa iwe ya matofali manene na ipite kilele cha paa kwa mita 1.8 angalau, yenye wavu wa kuzuia cheche wa matundu ya sentimita 1, na wavu huo usafishwe kila mwezi maana ukizibwa na masizi moshi unarudi ndani. Gharama hiyo inajenga jiko la pembeni lenye bati. Liweke upande ambao upepo wa kiangazi hauzisukumi cheche kuelekea kwenye nyumba.

Dohani yetu ya matofali imeanza kutoa madoa meusi ukutani, na kuna maji yanayonata yanayodondoka karibu na jiko. Paa halivuji. Ni nini?
*Familia, Kibondo*

Ni lami ya moshi. Kuni mbichi zinatumia moto wake kukausha maji yaliyo ndani yake, moshi unatoka ukiwa umepoa na umejaa mvuke, na ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi unaganda kwenye kuta za dohani. Mwanzoni ni maji ya kahawia yanayonata, baadaye linakuwa gamba linalong'aa kama lami ya barabarani, na gamba hilo linawaka.

Pasueni kuni mapema, msizihifadhi kama magogo. Mpangilio wake uwe juu ya vijiti, usiguse ardhi, ufunikwe juu tu na pembeni upepo upite, kwa miezi sita na zaidi. Miti migumu ya miombo inahitaji kiangazi kizima. Kupima, chukueni kipande kimoja mkakipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka.

Kusafisha: zimeni moto siku moja kabla, ziba mdomo wa jiko kwa gunia lenye maji, mtu apande juu akiwa na kamba yenye jiwe la kilo 2 au 3, na juu ya jiwe fungeni brashi ngumu ya katani inayojaza tundu. Ishushe na kuipandisha mara nyingi mpaka masizi yaache kuanguka. Rudieni kila gamba linapofikia unene wa milimita 3, na kwa jiko linalowaka kila siku kwa kuni za kawaida, kagueni kila mwezi msimu wa mvua. Gamba linalong'aa halitoki kwa brashi. Likishafika hapo ni kulikwangua kwa chuma au kubadilisha kipande hicho cha dohani.

Mkisikia dohani inanguruma kama lori na cheche zinaruka juu, gamba limeshika moto. Watoeni watu wote nje kwanza. Zibeni mlango wa jiko na matundu ya hewa ya chini kwa udongo mbichi au gunia lililolowa, ili moto ukose pumzi, na mwagieni maji bati na mbao zilizo karibu. Ndani ya dohani msimwage maji: yanageuka mvuke ghafla na kuipasua kutoka juu hadi chini. Ikishapoa, kabla ya kuiwasha tena, choma majani mabichi kidogo jikoni na mtu azunguke nje na juu ya silingi akitafuta mahali moshi unapopenya. Ufa wowote utakaoonekana uzibwe kwa saruji na chokaa kabla ya moto mwingine.